Kambale asilaumiwe

Majirani zangu wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, wanaofuga samaki nyuma ya nyumba, humlaumu kambale kwa ulafi. Mimi namtetea. Perege huzaliana haraka mno. Bwawa likijaa vifaranga, wote hudumaa. Kambale akiwapunguza, waliobaki hunenepa. Kosa ni kumchanganya na perege wanaoenea mdomoni mwake. Perege watangulie, wafike ukubwa wa kiganja, ndipo kambale wadogo waingie.

Na alishwe! Pumba tupu hazimtoshi. Anataka dagaa waliosagwa na mashudu ya alizeti, tena jioni, maana hutafuta chakula gizani kwa ndevu zake. Akishinda njaa atamla hata kambale mwenzake aliye mdogo, kwa hiyo watenganishwe kila wanapopishana ukubwa. Tangi lifunikwe wavu: huyu hupumua hewa, na usiku wa mvua hutoka akatambaa.

Tangi la kioo sebuleni nalikataa kabisa. Samaki anayeweza kupita urefu wa mita moja, kumbana humo ni kumtesa. Mwenye nia ya kufuga apite kwanza kituo cha samaki cha Kingolwira, aulize, ndipo achimbe bwawa.