Twiga wa Wajir Asitiwe Viraka

Katika nyika za Wajir na Garissa, ambako twiga hula majani ya migunga pamoja na ngamia wa wafugaji, mnyama huyu amevikwa mabaka ya hudhurungi yaliyotengwa kwa mistari myeupe kama wavu. Na maadamu nakshi hiyo haifanani baina ya twiga wawili, wala umbo lake halibadiliki tangu kuzaliwa hata kufa, wataalamu huitumia kumtambua kila mmoja kwa picha, na kwayo kukadiria idadi ya jamii ambayo mwaka 2018 shirika la uhifadhi la IUCN liliitia katika orodha ya zilizo hatarini kutoweka.

Lakini nakshi kama hiyo yaweza pia kubuniwa, kwani iko sanaa ya kompyuta inayofuma nakshi isiyo na mshono kutokana na kipande kidogo cha picha. Mwaka 1999 Alexei Efros na Thomas Leung walionyesha kwamba programu yaweza kukuza picha pikseli moja baada ya nyingine: hutazama zile zinazoizunguka nafasi tupu, hutafuta katika sampuli mahali panaposhabihiana napo, kisha huchagua pamojawapo kwa bahati nasibu na kunakili. Mwaka 2001 Efros na William Freeman wakaunga vipande vizima, kila kimoja kikilalia ukingo wa mwenziwe, na mkato wakaupitisha pale ambapo tofauti ya viwili hivyo ni ndogo kupita kote, hata jicho likakosa pa kushika.

Sina kinyongo na ustadi huu. Mtengeneza filamu anayetaka uwanda wa mchanga uenee hadi upeo wa macho na autumie, wala hadhulumiwi mtu. Lakini ubavu wa twiga si mchanga. Tangu mwaka 2009, njia iitwayo PatchMatch ilipoharakisha utafutaji huo wa vipande vinavyoshabihiana, kujaza mapengo ya picha kumekuwa kazi ya dakika, na leo hata simu zaifanya; mtu hufuta tawi lililokatiza ubavu, na mashine ikaziba kwa mabaka mazuri ajabu ambayo si ya twiga yeyote aliye hai. Mlinganishaji wa picha akidanganyika, mnyama mmoja atahesabiwa wawili.

Basi rai yangu ni kwamba mchungaji, askari wa wanyamapori au msafiri apelekaye picha kwa wahifadhi aipeleke ilivyotoka katika kamera, pamoja na tawi lake na vumbi lake. Na wanaoipokea, ambao aghalabu huuliza mahali na tarehe, waulize pia kama imeguswa.