Neno la Mhariri: Kwa Nini Wanabaki?

Tulipotangaza mada ya toleo hili, yaani sababu za mtu kuishika dini aliyoishika, tulijua makala yatakuwa mengi. Hatukujua kwamba mengi yatakuja na jibu moja. Wazee wetu walifuata shule. Walifuata dawa ya misheni, au biashara ya pwani, au ulinzi wa mtu mkubwa, au mchumba. Jibu hili limezoeleka vyuoni kiasi kwamba mwanafunzi huliandika bila ushahidi na mwalimu humpa alama zake. Limenichosha kwa miaka mingi, na toleo hili nimelipanga ili lipate wapinzani.

Lina ukweli wake. Katika Tanganyika ya ukoloni aliyetaka kwenda mbali kielimu mara nyingi alipitia misheni, na wapo watoto wa Kiislamu waliorudi likizo wakiwa na jina la pili. Serikali ilipojipa mamlaka juu ya shule kwa Sheria ya Elimu ya 1969, mambo yalibadilika, lakini uchungu wake haujaisha. Makala yetu ya kwanza, kutoka Tanga, yanalieleza jambo hili kwa uangalifu, nami sina la kuongeza.

Ninachopinga ni kuishia hapo. Lililomwingiza mtu katika dini na linalomfanya aendelee nayo miaka arobaini baadaye ni mambo mawili, na sisi tumetumia nguvu zetu karibu zote kwenye la kwanza. Sote tunawajua wanawake waliobadili dini kwa sababu ya ndoa. Siku ya kusilimu huenda walichokuwa nacho moyoni ni mume tu. Leo mume ameshazikwa, watoto wana miji yao, hakuna wa kumlazimisha, na mama yule ndiye anayeiamsha nyumba wakati wa daku. Ukimwandika kuwa aliolewa, umeandika jambo la kweli na hujamweleza.

Nichukue Buganda, kwa sababu hapo ndipo hoja ya maslahi inapopendwa zaidi, na ndipo tarehe zinapoikataa. Mapadre Weupe walifika kwa Kabaka Mutesa Februari 1879. Novemba 1882 waliondoka wote, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza, na hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa muda wote huo Mkatoliki wa Buganda hakuwa na padre wala misa, wala mgeni wake wa kumtetea mbele ya Kabaka. Tena Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lile, alikuwa ameagiza mtu afundishwe miaka minne ndipo abatizwe, kwa hiyo wengi walioachwa walikuwa bado wakatekumeni. Kwa hesabu ya faida kikundi kile kilipaswa kusambaratika. Kiliongezeka. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wa ikulu. Matthias Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu wakalea kundi lao huko Mityana. Mapadre waliporudi walikuta wanafunzi wasiowafahamu, waliofundishwa kusali na Waganda wenzao.

Mulumba mwenyewe anastahili kitabu kizima. Uislamu ulikuwa umetangulia Buganda, naye akaushika. Alipofika Alexander Mackay wa misheni ya Kianglikana, ambaye wanafunzi wake walianza kusoma maandiko kwa Kiswahili kabla hayajapatikana kwa Kiganda, Mulumba akaenda kusoma kwake. Kisha akahamia kwa Mapadre Weupe, wakambatiza Mei 1882, miezi michache tu kabla hawajaondoka. Njia zote tatu zilikuwa wazi mbele yake na zote alizijaribu. Baada ya hapo aliyembatiza akaenda zake, naye akabaki, akafundisha.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa vijana wale walikuwa watumishi wa ikulu waliotafuta kundi la kusimama nalo, na dini ikawapa kundi. Ni kweli kwamba dini ilikuja kuwa njia ya cheo: baada ya Kabaka Mwanga, aliyemrithi Mutesa, kupinduliwa 1888, na zaidi baada ya mapigano ya Mengo ya Januari 1892, vyeo na majimbo ya Buganda viligawiwa kwa dini, na aliyetaka uchifu alijua mahali pa kusali. Lakini tuzisome tarehe kwa mpangilio wake. Karibu mwaka 1876 Mutesa aliwaua Waislamu kwa makumi, wengi wao vijana wa ikulu yake mwenyewe, waliokataa nyama ya mchinjaji wake na waliosema Kabaka asiyetahiriwa hawezi kuwaongoza katika swala. (Inaniuma kwamba mashahidi hawa hawajapata hata robo ya kurasa walizopata wenzao Wakristo, na mwandishi wetu wa Kampala naye amewapitia kwa aya moja.) Novemba 1885 Mwanga alimuua Balikuddembe. Mei 1886 Mulumba alikatwa viungo, akaachwa afe. Tarehe 3 Juni wengine wakachomwa moto Namugongo. Tangu 1885 hadi 1887 wanaohesabiwa kwa majina ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wote walikufa kabla dini haijagawa jimbo hata moja.

Kabla ya Namugongo, Mwanga aliwaamuru vijana wa ikulu wanaosali wajitenge na wengine, wasimame kando ya uzio. Aliyetaka kubaki na Kabaka hakuhitaji kufanya lolote ila kutosogea. Usiku uliotangulia Karoli Lwanga, kiongozi wao, aliwabatiza wenzake ambao walikuwa bado hawajabatizwa, akiwamo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Mimi naitaka sababu ya kijana yule kusogea kwenye uzio, na katika orodha ya shule, dawa na biashara siioni. Sehemu yake naiona kwa Lwanga: Kizito alikuwa na mtu wa kumfuata, aliyemfundisha, aliyemlinda, na aliyekuwa anakwenda kufa naye. Sehemu nyingine siwezi kuisema kwa lugha ya taaluma, na sioni aibu kuisema kwa lugha nyingine: aliamini kwamba alichofundishwa ni kweli. Mtafiti asiyekubali kuiandika sababu hiyo daftarini, eti kwa kuwa haipimiki, amekwisha kuamua jibu kabla ya kuuliza.

Upande wa pwani, namtaja Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Ramiya. Aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto, mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo. Uislamu ulikuwa dini ya nyumba iliyomnunua. Hakuulizwa. Na mji ule wenye kujali nasaba haukuwa na haja ya kumpa heshima mtu asiye na ukoo wa kuutaja. Akasoma, akapokea ukhalifa wa tarika ya Kadiria, na hadi alipofariki 1931 watu wa bara na wa pwani walimfuata kwa darasa lake na zikri yake. August Nimtz ameonyesha vizuri jinsi tarika zilivyowapa nafasi watu waliodharauliwa, na hiyo ni faida, sibishi. Lakini ni faida iliyomjia baada ya miaka ya kukaa mbele ya kitabu, na mtumwa aliyetaka heshima tu angeweza kuchoka njiani. Katika mji huohuo misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanza 1868, iliwalea kama Wakristo watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Huko Mombasa makazi ya waliokombolewa ya Freretown yakafuata 1875. Nao hawakuulizwa. Kama kuna mahali walipochagua, hapakuwa kisimani pa ubatizo. Walichagua baadaye, kidogo kidogo, kila walipoweza kuondoka na hawakuondoka.

Ndiyo hali ya wengi wetu. Al-Ghazali, aliyefariki 1111, aliliona jambo hili angali kijana: watoto wa Wakristo hukua Wakristo, wa Mayahudi hukua Mayahudi, wa Waislamu hukua Waislamu. Wenye kuidharau dini wanalitumia jambo hilohilo kufunga mjadala. Yeye alilifanya mwanzo wa mjadala, tena dhidi ya nafsi yake. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad akaenda kutafuta, na miaka baadaye alirudi kufundisha dini ileile aliyozaliwa nayo. Makala mawili katika toleo hili yanadai kwamba dini ya kurithi haihitaji maelezo. Nimeyachapisha kwa kuwa yameandikwa vizuri, lakini hapo yamekosea.

Kuhusu Wagiriama, makala ya mwandishi wetu wa Kilifi ndiyo marefu kuliko yote, na ndiyo niliyogombana nayo zaidi. Yanasimama juu ya kitabu cha David Parkin cha 1972, ambacho kila anayeandika juu ya Kaloleni lazima akipitie. Parkin aliwakuta vijana waliokuwa wakinunua minazi na kuuza mbata, wakapandwa na pepo wa Kiislamu, na pepo hao wakawakataza tembo na nyama isiyochinjwa kihalali. Mtu wa namna hiyo haketi tena na wazee kunywa, na ni vigumu wazee wamdai kama wanavyowadai wengine. Mali yake inasalimika. Ni uchambuzi mzuri sana. Ubaya ni kwamba wasomaji wake wengi wamebaki na mbata wakamsahau mgonjwa. Wagiriama wengi wasio na minazi ya kununua, na hasa wanawake, wamepandwa na pepo wa namna hiyohiyo, wakatapika chakula wasichokatazwa na binadamu yeyote. Janet McIntosh, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu Malindi, anawaonyesha watu wanaovutwa na Uislamu wanaouona kuwa mali ya Waswahili, na wanaoumia kwa mvuto huo. Mbata haituelezi maumivu hayo. Mwandishi wetu amejibu hoja hii katika maelezo yake ya mwisho, na msomaji ataamua.

Makala ya Nyeri yanarudi 1929, wamisionari wa Kiskoti na wenzao walipowataka Wakikuyu waikane tohara ya wasichana kwa kutia alama ya dole gumba. Maelfu wakahama makanisa na shule zao. Kama walichofuata ni mali ya mzungu, hapo ndipo Ukristo wao ulipopaswa kwisha. Waliondoka na Biblia. Wakajenga shule zao na makanisa yao, na mwaka 1935 akaja Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, awafundishe watu wao na kuwapa upadre. Mwandishi anashikilia kwamba hamu ilikuwa ya shule, ila sasa bila mzungu. Namjibu kwamba shule haihitaji askofu.

Robin Horton nimempa nafasi ndogo kwa makusudi. Nadharia yake ya 1971, kwamba dunia ya mtu ikipanuka kupita kijiji chake naye humwelekea Mungu wa wote zaidi ya mizimu ya mahali, ilituamsha, na Humphrey Fisher aliijibu 1973. Wote wawili wanaeleza mwendo wa jamii nzima. Makala ya Zomba yanawarudia kwa ufupi unaofaa.

Makala ya Dar es Salaam yanahusu mihadhara na mikutano ya Injili, ambako kila upande unaamini kwamba mtu hubadili dini akishindwa kwa aya. Mwandishi anatutaka tumtazame jirani au shemeji aliyemleta yule msikilizaji uwanjani. Anasema kweli. John Lofland na Rodney Stark waliona jambo kama hilo California, katika utafiti wa kikundi kidogo cha dini mpya waliouchapisha 1965: urafiki ulitangulia, mafundisho yakafuata, na baadaye waumini wakasimulia kana kwamba mafundisho yalikuwa ya kwanza. Naongeza onyo moja kwa wanaotangaza idadi ya waliobadili dini: sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967.

Makala kuhusu ushuhuda wa walokole, waliotoka Gahini na Namirembe na kuenea Afrika Mashariki yote, yanasema masimulizi ya kuokoka yana mpangilio unaofundishwa. Yana mpangilio, na hayawi uongo kwa sababu hiyo.

Sasa ninachokitaka. Maktaba zetu zimejaa barua za wamisionari na ripoti za mabwana shauri, watu waliomwona muumini siku ya kuingia na kumwandika kama hesabu. Waliomwona miaka yote iliyofuata hawakuulizwa: katekista aliyetembea vigango vitano kwa miguu, mwalimu wa madrasa aliyelipwa kwa sukari na mafuta ya taa, mwalimu wa kwaya, wanawake wanaosoma maulidi, wanaoosha maiti, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo. Hao ndio waliowabakiza watu, na wanajua nani alirudi nyuma, nani alirejea, na nani alimfuata nyumbani kumrejesha.

Toleo lijalo ni lao. Tunataka mahojiano kwa Kiswahili, maneno yao yaachwe kama walivyoyasema, na majina ya waliowafundisha wao, hadi kizazi kinachokumbukwa. Makala yenye nadharia bila mtu ndani yake hatutayapokea. Wengi wa wazee hawa wamepita miaka themanini. Atakayekwenda kuwahoji, aende mwaka huu.