Ng'ombe Hanunuliwi Ndani ya Katoni

Mwaka 2013 nchi nzima iliahidiwa kwamba mdogo wangu atapewa laptopu. Yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa na miaka mitano na kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza kuku. Lakini Jubilee walikuwa wanatafuta kura, na redio yetu ilisema kila mtoto anayeingia darasa la kwanza atakuwa na laptopu yake. Aliingia darasa la kwanza Januari 2014, hapa hapa Bahati. Laptopu haikuja. Vifaa vilipoanza kufika mashuleni mwaka 2016 vilikuwa tableti, na yeye alikuwa ameshafika darasa la tatu.

Mwaka jana alifanya KCSE. Februari mwaka huu zamu ya mamangu kwenye chama ilifika, na akatangaza kwamba pesa hizo hazitanunua mbegu ya viazi, zitanunua laptopu ya msichana. Kazi ya kuchagua akanipa mimi, kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta", yaani nimeacha chuo na ninaandika makala za watu kwa malipo nikiwa kitandani.

Kwa wiki mbili nilipewa ushauri na kila mtu: shangazi, pasta, makanga wa matatu ya Maili Kumi. Wote walisema kitu kimoja. "Mnunulie mpya. Usimnunulie mtoto mtumba."

Naandika haya kwa sababu ushauri huo umekula pesa za vijana wengi, na wa kwanza kuliwa ni mimi.

Mwaka 2019 nilipoitwa chuo, mamangu alikopa chama shilingi 32,000. Tulinunua laptopu mpya kabisa: katoni imefungwa, plastiki juu ya kioo, harufu ya dukani. Alinikataza kutoa ile plastiki mwezi mzima. Ndani ya huo upya wote mlikuwa na prosesa ya Celeron yenye kore mbili, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, kitu kilicho karibu zaidi na memori kadi ya simu kuliko SSD. Kabla sijaandika hata jina langu, Windows ilikuwa imeshakalia sehemu kubwa ya hiyo nafasi kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Machi 2020 Covid ilifunga vyuo, nikarudi Bahati kusomea mtandaoni. Nikifungua Zoom na Word kwa pamoja, mashine ilikuwa inafikiria kama mzee aliyekumbushwa deni. Sasisho la Windows likija, linasema hakuna nafasi. Nikifuta picha, linasema bado. Fundi wa kwanza alinitazama kwa huruma. Kuongeza RAM? Imechomelewa. Kubadilisha hifadhi? Imechomelewa pia.

Niliacha chuo mwaka uliofuata. Sitadanganya kwamba laptopu ndiyo iliyonitoa. Iliyonitoa ni karo. Lakini lile deni la chama tulimaliza kulilipa miezi mitano baada ya mashine yenyewe kufa, na hakuna aliyetaka kuinunua hata kwa vipuri. Mamangu alilipa kila mwezi pesa za kitu kilicholala kabatini kimefunikwa kitambaa. Hiyo ndiyo bei ya neno "mpya" kwetu, na haiandikwi kwenye katoni.

Katoni za aina hiyo bado zipo. Intel walitangaza mwaka 2022 kwamba wanaliacha jina la Celeron kwenye laptopu, kwa hivyo sasa utakuta imeandikwa Intel, kisha herufi N na namba. Nyingine si mbaya. N100, kwa mfano, ina kore nne na kwa kazi ya darasani itakufaa. Lakini ukiona RAM ya GB 4 na eMMC, rudisha pesa zako mfukoni. Hiyo ni mashine iliyotengenezwa izeeke kabla haijalipiwa.

Kwa pesa kama hizo hizo, pale Nakuru au Luthuli kule Nairobi, utapata zile tunaziita ex-UK. Kampuni za huko hukodisha mashine za ofisi kwa miaka mitatu au minne, kisha huzibadilisha zote kwa pamoja, na zinatufikia sisi. ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5 zilitoka 2018, na nyingi zina i5 ya kizazi cha nane: kore nne badala ya mbili. RAM inachomoka. SSD inachomoka. Kibodi ilitengenezewa mtu anayechapa mchana kutwa. Ina mikwaruzo, ndiyo. Hata jembe la mamangu lina mikwaruzo.

Hapo wapenzi wa ex-UK wataanza kunipigia makofi. Wangoje kwanza, maana nao nina neno lao.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupewa masasisho ya ziada ya usalama ya muda mfupi. Windows 11 nayo ina masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Kwa hivyo ofisi za ng'ambo zina sababu ya kutupa za kizazi cha sita na cha saba. Zinatupwa wapi? Angalia meza ya muuzaji. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita. Inang'aa, ni nyepesi, na imelazimishiwa Windows 11 ambayo Microsoft yenyewe inasema haikubaliani na mashine hiyo. Muuzaji anakwambia "iko na Windows 11, boss" na wala hajadanganya. Ameacha tu kumalizia sentensi. Kama unaitaka uiwekee Linux, ni mashine nzuri na ushushiwe bei. Lakini ujue unachonunua.

Mamangu hajui RAM ni nini, lakini hakuna mtu atakayemuuzia ng'ombe mbaya. Anashika kiwele. Anafungua mdomo aone meno. Anauliza amezaa mara ngapi, na anataka akamuliwe akiona. Swali lake la mwisho huwa lilelile: "Kama anatoa maziwa hivyo, mbona unamuuza?" Hanunui ng'ombe kwa rangi, na hajawahi kuuliza kama ni mpya. Mtu huyo huyo akiingia duka la laptopu anageuka bubu, anaamini plastiki na katoni. Sisi watoto wake tuliosoma tunaingia nyuma yake tukiwa bubu vilevile. Tumebishana miaka kama kitu hiki kiitwe kipakatalishi au mpakato, na hatujawahi kufundishana kukikamua.

Basi tulienda Nakuru watatu, na tulikamua.

Mashine ya kwanza muuzaji alisema betri inakaa masaa manne. Kwetu Bahati, mvua ikianza kunyesha upande wa msitu, stima hupotea bila kuaga, kwa hivyo betri ndiyo swali la kwanza. Kuna amri ndani ya Windows yenyewe, haihitaji hata intaneti: unafungua Command Prompt, unaandika powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti yenye namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ilikuwa imebaki asilimia 43. Nilimwonyesha muuzaji. Akasema hizo namba hudanganya. Tukatoka.

Ya pili tuliizima, tukaiwasha tukibonyeza F10, maana ilikuwa HP (ThinkPad ni F1). Ikadai nywila ambayo muuzaji hana. Maana yake mlango wa ndani kabisa wa mashine bado una kufuli la kampuni iliyokuwa nayo, na kufuli hilo linaweza kukuletea shida siku unataka kubadilisha chochote cha maana. Mamangu aliuliza nini kimetokea. Nikamwambia ng'ombe ana alama ya mwenyewe sikioni. Alielewa haraka kuniliko.

Duka la tatu tulikaa dakika hamsini. Mdogo wangu alibonyeza kila herufi ya kibodi. Alifungua na kufunga kioo mara kumi akisikiliza bawaba. Alichomeka flashi kila tundu, akajaribu kamera, akaweka muziki kwenye spika. Kijana wa duka alichoka. "Sista, unanunua laptopu ama unaolewa?" Mamangu alimjibu kabla yetu: "Angekuwa anaolewa tungekaa zaidi." T480, RAM GB 8, SSD GB 256, betri asilimia 84. Shilingi 31,500 baada ya mabishano.

Kisha kijana akasema sentensi ninayotaka uikumbuke kuliko zote: "Nipeni dakika ishirini niwawekee kila kitu." Windows, Office, antivairasi, filamu kadhaa juu, yote bure.

Nilisema hapana, na nitaeleza kwa nini. Ile Celeron ilipokufa, nilinunua mtumba kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja, naye akaniwekea kila kitu. Office ilikuwa ya kukreki, imewashwa na kijiprogramu ambacho kwanza kinakuomba uzime antivairasi. Fikiria mlinzi anayeombwa alale ili mgeni apite. Jina la mwenye mashine lilikuwa jina la duka, na nywila ya msimamizi alikuwa nayo yeye. Nilifanya kazi juu yake miezi minane. Asubuhi moja faili zangu zote zilikuwa zimebadilika majina na hazifunguki, na katikati ya kioo kuna barua ya kudai malipo. Nilipoteza makala za wiki tatu na mteja aliyekuwa ananilipia nyumba. Fundi alinishauri niiflashi. Hilo tu ndilo alilojua.

Kuna jambo baya zaidi na watu wengi hawalijui. Kwenye Windows 11, mara nyingi hifadhi hujifunga kwa siri mashine inapoanzishwa na akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kuifungua huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Kama iliyotumika ni ya fundi, yeye ndiye ana ufunguo wa kazi zako. Siku mashine ikikudai ufunguo huo, usiku wa kuamkia mtihani, utaanza kumtafuta mtu aliyeshahama duka.

Kwa hivyo nasema: laptopu ambayo hukuianzisha mwenyewe si yako. Umeikodi kwa mtu bila mkataba.

Najua jibu lenu. Si kila mtu ni fundi. Si kila mtu ana muda. Lakini nyinyi ndio mnaojua kuweka VPN, kupunguza data ya TikTok, na kufungua simu ya mpenzi wenu gizani kwa kidole chake akiwa amelala. Msinidanganye kuhusu uwezo. Tunachokosa si akili, ni kuzoea kuamini kwamba ndani ya kompyuta kuna chumba cha wenyewe, na sisi ni watu wa sebuleni. Kwa kijana anayetafuta kibarua cha mtandaoni hicho chumba ndicho shamba. Huwezi kuacha hati ya shamba lako kwa mtu wa duka.

Usiku ule mdogo wangu alikaa mezani, mimi nikakaa kwenye ndoo mbali na kibodi. Hiyo ilikuwa sheria. Alifuta kila kitu, akaweka Windows upya kutoka kwenye flashi tuliyoiandaa. Leseni ya mashine za ofisi kwa kawaida imo ndani ya mashine yenyewe, na yetu ilijitambua bila kreki. Akafungua akaunti kwa jina lake. Ufunguo wa hifadhi akaunakili nyuma ya daftari la Kemia. Badala ya Office ya wizi akaweka LibreOffice, ambayo ni ya bure kihalali na inafungua faili za Word. Wi-Fi ya simu akaiambia Windows kwamba inalipiwa kwa kipimo, ili sasisho lisimeze data ya mamangu usiku. Akazima programu zinazojiwasha zenyewe asubuhi. Mwisho akaweka nakala ya faili zake kwenye Google, GB 15 za bure, kwa sababu laptopu huibiwa na ex-UK hufa kama viumbe wengine.

Ilichukua masaa matatu, na stima ilipotea mara moja katikati. Betri ilishika.

Mamangu alikuja na chai akauliza kama imekuwa tayari. Mdogo wangu akasema bado kuweka nywila, akageuza kioo upande wake, akatuomba tuangalie pembeni. Tukaangalia pembeni. Hadi leo siijui, na sijamwuliza.