Ukinyamaza leo, mdosi atasema ulikubali

Ni tarehe 28 jioni. Uko ndani ya matatu, unatoka Industrial Area kuelekea Pipeline, miguu inauma. Simu inalia. Kwenye grupu ya WhatsApp ya kazini, meneja ameandika: “Habari zenu wote. Kuanzia mwezi huu ovataimu italipwa shilingi 80 kwa saa. Asanteni kwa kuelewa.” Wenzako wanaanza kujibu kwa dole gumba. Wewe unasoma mara mbili, unakumbuka mlikubaliana 150, unameza mate. Halafu nawe unatuma dole gumba.

Hilo dole gumba ndilo nataka tuliongelee leo.

Kwanza tupige hesabu, kwa sababu wengi wetu hatuipigi. Tuseme unapakia mizigo kwenye ghala na mshahara wako wa msingi ni shilingi 22,500 kwa mwezi. Hesabu inayotumika sana hapa Kenya ni kugawanya mshahara huo kwa 225 ili kupata malipo ya saa moja. Yako inatoka shilingi 100. Ovataimu ya siku ya kawaida ni mara moja na nusu, yaani 150. Ukiitwa siku yako ya mapumziko au sikukuu ya kitaifa, ni mara mbili, yaani 200. Hizi si hisani za mdosi. Ni viwango vilivyo katika kanuni za mishahara za serikali zinazohusu wafanyakazi wengi, ambazo pia zinasema wiki ya kawaida ya kazi ni saa 52 ndani ya siku 6.

Sasa ukifanya saa 40 za ziada kwa mwezi, ulifaa kupata 6,000. Kwa bei mpya ya 80 utapata 3,200. Umepoteza 2,800. Kwa mwaka ni 33,600, zaidi ya mshahara wako wa mwezi mzima. Tena angalia kichekesho chenyewe: saa ya usiku, ukiwa umechoka hadi macho yanafunga, imekuwa rahisi kuliko saa ya asubuhi ukiwa umetoka tu kunywa chai.

Je, mdosi anaruhusiwa kufanya hivyo? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba uonyeshe kiwango cha malipo na jinsi kinavyohesabiwa. Kifungu hichohicho kinasema mambo hayo yakibadilika, mwajiri arekebishe mkataba kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Shika hilo neno kushauriana. Kukutangazia si kukushauri. Meseji ya mistari miwili inayokushukuru kwa kuelewa jambo ambalo hujaulizwa si mashauriano.

Kuna mambo mawili zaidi. Saa ambazo tayari umefanya kazi zina bei yake. Kama ulikesha tarehe 10 mkiwa mmekubaliana 150, tangazo la tarehe 28 haliwezi kurudi nyuma kuzipunguza. La pili, hata mkikaa mezani mkakubaliana, hamwezi kushuka chini ya kiwango cha chini cha sheria. Sahihi yako haihalalishi kilichokatazwa.

Najua unachowaza. “Wewe unaandika tu, mimi nina rent. Pale getini kuna vijana hamsini wanaitaka hii kazi.” Ni kweli, na sitakudanganya kwamba sheria peke yake italipa keja. Lakini hofu hiyo ndiyo mtaji wa mdosi mbaya. Anajua utanung'unika kwenye foleni ya githeri, si ofisini. Miezi 8 ikipita, siku utakapopata ujasiri wa kudai, atasema: “Mbona ulipokea hela hizo miezi yote bila neno? Ulikubali.” Kimya chako, pamoja na lile dole gumba, vitakuwa ushahidi wake. Si lazima ashinde, lakini wewe ndiye utakuwa umempa silaha.

Haki pia iende pande zote. Biashara zingine zina shida kweli. Oda zimepungua, gharama zimepanda. Mdosi mwenye shida ya kweli anaweza kupunguza saa za ziada anazowapa, au kuwaita, awaonyeshe hali ilivyo, mjadiliane. Huyo msikilizeni. Mimi ninayempinga ni yule anayetaka saa ileile, jasho lilelile, kwa nusu ya bei, kisha anatuma meseji na kuzima simu.

Sasa ufanye nini? Usirushe matusi kwenye grupu, na usiache kazi kwa hasira. Anza hivi.

Soma mkataba wako leo usiku. Kuna wanaotia sahihi kipengele kinachosema mshahara tayari umejumlisha saa za ziada, na hawajawahi kukiona. Kama ni wewe, ujue mapema unasimama wapi. Kama hujawahi kupewa mkataba, usikate tamaa. Kazi ya miezi 3 au zaidi inafaa kuandikwa, na mkifika kortini mwajiri akose kuutoa huo mkataba, ni juu yake kuthibitisha mlikubaliana nini.

Weka kumbukumbu zako. Daftari la shilingi 20 linatosha: tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, nani alikuambia ubaki. Piga skrinshoti ya tangazo. Hifadhi pesilipu za zamani zinazoonyesha mlivyokuwa mkilipwa, kwa sababu hizo ndizo zinazoonyesha makubaliano kwa vitendo.

Kisha andika. Barua pepe au hata meseji kwa meneja na HR, kwa heshima: “Habari ya kazi. Nimeona tangazo la ovataimu. Sikushauriwa na sijakubali mabadiliko haya. Nitaendelea na kazi, lakini naomba nilipwe kwa kiwango tulichokubaliana hadi tutakapoongea.” Ni sentensi chache tu, lakini zimebadilisha kila kitu. Sasa unafanya kazi ukiwa umepinga, si ukiwa umekubali.

Na usiende peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Barua yenye majina 14 haisomwi kama barua yenye jina moja. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya malipo ya haki na ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kama kazini kuna chama, mwulize mwakilishi wenu kama mkataba wa pamoja unataja ovataimu.

Wakikataa kusikia, nenda kwa afisa wa leba wa serikali aliye karibu nawe. Juu yake kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ukifutwa kwa sababu ulilalamika, sheria, kifungu cha 46, inasema malalamiko yenye msingi si sababu halali ya kumfuta mtu. Lakini usilale. Malalamiko ya kufutwa isivyo haki yanafaa kumfikia afisa wa leba ndani ya miezi 3. Madai mengine yana muda wake pia, na ukipita umepita.

Sisi vijana tunasifiwa sana kwa kujituma. Hasla, tunaambiwa, halali. Sawa, lakini kujituma bila kuhesabu ni kumpa mtu usingizi wako bure. Mzazi wako alijua bei ya debe la mahindi kabla ya kulipeleka sokoni, na mnunuzi hakuibadilisha baada ya kulibeba.

Kwa hivyo usiku huu, kabla ya kulala, fungua ile grupu. Ondoa lile dole gumba. Halafu mpigie mwenzako mmoja unayemwamini, umwulize: “Wewe saa zako ngapi mwezi huu?” Anzeni hapo.