Kamba wa Matonge

Jumamosi nilipita Matonge, hapa Ixelles, nikanunua kilo mbili za kamba wa barafu. Binti yangu akausoma mfuko: kamba wa kufugwa, kutoka Vietnam. "Mama, hawa ni salama?" Nikamjibu haraka kwamba Ulaya imeshawakagua. Usiku jibu langu likanisumbua.

Mimi nimekulia Mwanza. Marehemu baba alikuwa akikata minofu ya sangara kiwandani. Mwishoni mwa 1997 kipindupindu kilienea Afrika Mashariki, na Januari 1998 Tume ya Ulaya, ambayo leo nayapita majengo yake pale Schuman nikienda kazini, ikazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Baba akakaa nyumbani kwa miezi. Shirika la Afya Duniani lilisema hatari ya kuambukizwa kwa samaki hao ni ndogo mno, na sisi tuliilaani Brussels kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Lakini mwalo wetu niliujua. Samaki walimwagwa mchangani, barafu ilikuwa haba, choo hakuna. Watu walijisaidia vichakani, na maji ya kuoshea samaki yalichotwa palepale. Kabla ya kipindupindu, Hispania na Italia zilishakuta salmonela kwenye sangara wa ziwani. Marufuku ile ilitunyima ugali, nami bado naiona haikuwa ya haki. Hata hivyo, suala la vyoo na maji safi ndipo lilipoanza kushughulikiwa.

Bwawa la kamba halina tofauti kubwa na mwalo. Salmonela huingia kwa kinyesi, kiwe cha watu, mifugo au ndege. Vibrio yeye ni mwenyeji wa maji ya chumvi yenye joto, hahitaji hata uchafu. Kamba wakibanana wanaugua, mfugaji anawapa antibiotiki, na bakteria wanaobaki wanakuwa sugu. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulizuia kamba wa China baada ya kukutwa na kloramfenikoli.

Isitoshe, wakaguzi hupima sampuli, hawafungui kila mfuko. Na barafu haiui salmonela, inailaza tu.

Kwa hiyo kamba wangu huyeyuka ndani ya friji, kwenye bakuli, hata kama wageni wako mlangoni. Maji yao hayagusi kachumbari. Nawapika mpaka nyama iwe nyeupe hadi ndani. Na ninyi wanafunzi mnaochangia jiko, ubao wa kukatia nyanya usiwe uleule wa kamba wabichi. Sabuni ni bei rahisi kuliko siku tatu za kuharisha wakati wa mitihani.

Jumapili nilimsimulia binti yangu haya yote. Akauliza kama babu alirudi kazini. Alirudi, nikamwambia, na siku ya kwanza alikuta mlangoni pa kiwanda pamewekwa sinki jipya la kunawia, na msimamizi amesimama pembeni akihesabu nani kanawa.