Nyimbo za Samaki kwa Watoto wa Karema

Watoto wetu wa miaka miwili na mitatu hapa Karema wamekwisha kuwajua papa na nyangumi kwa nyimbo za simu. Hatuoni ubaya, bahari nayo ni ya Mola wao. Linalotuhuzunisha ni kwamba mtoto huyo huyo, akiulizwa kilichoanikwa mchangani, hujibu "samaki" tu, jina hana.

Surat Fatir, aya ya 12, yazitaja bahari mbili, ya maji matamu na ya chumvi, na kwamba zote mbili zatulisha. Basi na tuliimbe ziwa. Dagaa huifuata taa usiku: mtoto na afumbe macho, kisha aikimbilie nuru. Mgebuka huenda mbio na kundi lake. Kuhe ndiye hasa wa ukurasa huu, kwani baba na mama hulinda watoto wao pamoja. (Akina baba, mmesikia?) Wapo pia samaki wa miambani ambao mama huatamia mayai kinywani, hapo mtoto hujaza mashavu hewa akanyamaza, na nyumba ikapata utulivu kidogo.

Ala haihitajiki. Makofi na sauti ya bibi vyatosha, alasiri, wavuvi wanapotengeneza taa zao.