Mashauri kwa Vijana: Rangi ya Injini ya Pikipiki ya Kale

Miongoni mwa vijana wetu wamo wapendao kufufua vyombo vya kale, na jambo hilo ni jema, kwani lafundisha subira na utunzaji. Leo twapenda kusema juu ya rangi ya injini, maana wengi huiharibu kwa haraka.

Chukueni mfano wa BSA M20, pikipiki ya Kiingereza ya sentimita za ujazo 496, iliyotumiwa sana na jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Silinda yake ni ya chuma cha kusubu, na chuma hicho kikiachwa wazi hushika kutu upesi. Rangi ya kawaida haistahimili joto: huungua, hufura, kisha hubambuka. Yatakiwa rangi ya silikoni. Kwa silinda, ile istahimiliyo digrii 250 hivi za Selsiasi yatosha, na bomba la moshi lataka ya digrii 600 hivi.

Kabla ya kazi, jueni kwamba rangi za kale huenda zina risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Basi fanyeni kazi nje, zibeni pua, lowesheni msasa, na nguo za kazi zifuliwe mbali na za nyumbani.

Ama kazi yenyewe: ondoeni mafuta yote, kisha kutu, na mpige msasa kingo za rangi ya zamani hata kidole kisizihisi. Kausheni upesi, kutu isirudi. Msimalizie kwa mafuta ya taa, kwani huacha utando usioshika rangi. Futeni kwa tina, nayo isikaribie moto. Zibeni tundu la plagi na nyuso za maungio. Pakeni mikono miwili myembamba. Rangi nene huzuia joto kutoka katika mapezi. Ikikauka, fuateni maandishi ya kopo: aghalabu injini huwashwa kidogo, ikaachwa ipoe, kisha ikawashwa kwa muda mrefu zaidi, mpaka rangi ikomae.

La mwisho: silinda ikiwa na ufa, msiufunike kwa rangi mkauza. Hiyo ni khiyana, na mnunuzi aweza kukwama njiani usiku pamoja na mkewe na wanawe. Mwonyesheni ila yake kwanza, ndipo msemezane bei. Rangi hii kazi yake ni kulinda chuma.